Nimetunguliwa Tena

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimetunguliwa tena! Mara ya saba wiki hii. Ndege ya mabomu, dude zima la injini nne na mizinga ya nyuma, linaangushwa na kijindege cha mtu mmoja! Waliotengeneza mchezo huu hawana haya. Mabawa wameyapiga bandi, mshono wa kushikiza tu. Mimi fundi wa kanzu miaka ishirini, mshono mbovu naujua.

Khubaib, nahodha wetu hapa kwenye chumba cha kompyuta Kibokoni, kasema nisipodondosha bomu hata moja kufikia Jumamosi, mechi ya Jumapili kiti changu anapewa Shifa. Shifa! Mpwa wangu! Kuwasha kompyuta nilimfunza mimi. Kwa hasira nimejidunga sindano mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu mpya: kupaa juu kabisa, peke yangu. Khubaib anataka nikae katikati ya vindege vyetu vinilinde. Kwani mimi bibi harusi? Nikapaa. Mara Kyalo, karani wa bandarini na rubani wa wapinzani, akanisalimu kwenye maiki. Shikamoo mzee, habari za nyumbani, za kazi, za huko uliko. Mtu akikusalimu kwa adabu utamnyamazia? Nikamjibu zote: nyumbani salama, kazi alhamdulillahi, huku niliko mawingu tele, mlima uko kushoto kwangu. Kabla sijawaulizia hata watoto wake, mkia umekatika. Mkia! Chuma gani hicho?

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimeruka chini chini, nafuata mto. Kyalo akanisalimu tena, safari hii akamuulizia mamangu mgonjwa. Kijana mwema. Nikamwambia mama hajambo, nami ndio naelekea darajani.

Nikatunguliwa darajani!

Shifa akasema, kwa heshima zote mjomba, mdomo wako ndio unaokuangusha. Nikamwambia kukataa salamu ni kukosa malezi. Khubaib akaniinua kitini mbele ya watu. Nimeumia. Nimetoka bila kuaga, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

Jumapili, 10 Agosti

Niliapa siendi. Nikaenda, nikasimama mlangoni tu. Kyalo kamsalimu Shifa, msichana kimya! Nimeona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Kajibanza katikati ya vindege vyetu, kafika, kamwaga mabomu yote, karudi na mkia wake. Watu wakapiga vigelegele. Khubaib kamnunulia dafu. Mimi miaka yote hiyo hata maji sijapewa.

Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Ukweli ni mmoja: vijana wa bandarini wamechoshwa na kunifukuza mimi wiki nzima. Vidole vimewafa ganzi. Shifa kapita njia niliyoifagia. Ushindi ni wangu, na kesho naenda kukidai kiti changu.

Nimempigia Kyalo simu kumpa pole kwa kushindwa. Akashukuru sana, akauliza nikirudi angani nitapitia wapi. Nimemwelekeza vizuri, asije akapotea.