Keki Iliyotangulia Agizo

Jumatatu, 4 Machi

Dada Glenys, salamu katika Bwana. Goti lako limepoa? Mimi mzima, ila roho juu. Mpishi mkuu wa kituo chetu cha kijeshi anastaafu. Nafasi ni yangu au ya Lorna, mwenzangu wa jikoni. Yeye ana cheti. Mimi nina sala.

Desturi ya kule unaijua. Wale wa kwenye makuba meupe, wetu na Wamarekani, hawasemi wanachofanya. Ila kazi yao kubwa ikifaulu, jikoni tunaagizwa keki. Hatuulizi. Tunaoka.

Jumanne, 5 Machi

Sahani zimerudi zimejaa. Nyama ya kondoo haikuguswa, tena tangu jana! Kila wakikosa hamu hivi, keki hufuata. Basi nitaoka kabla ya agizo, waone nani anafaa kuwa mkuu. Nimefunga na kuomba isibonyee katikati.

Jumatano, 6 Machi

Imeumuka! Nimeiingiza ukumbini asubuhi, juu nimeandika HONGERA. Lorna akaniuliza mbele ya watu kama nimeposwa uzeeni. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akatazama saa, akaweka uma chini, akatoka.

Mchana nikaitwa kwa Bwana Trask wa usalama. Mmarekani mpole.

"Mama Merle, nani alikuambia ni leo?"

Nikamjibu ukweli: kondoo. Akaandika.

Alhamisi, 7 Machi

Wamenizuia langoni na kuninyang'anya kitambulisho. Lorna anakaimu ukuu. Amenipigia kunipa pole, sauti tamu kama jemu. Keki yangu wameichambua kipande kwa kipande, wakitafuta sijui nini. Hata kuionja, hakuna!

Jumapili, 10 Machi

Redio imesema kombora liliangukia harusi huko ng'ambo, Jumatano jioni. Bibi harusi, wazee, watoto. Kanisani mchungaji akawaombea. Nililia, dada. Kisha nikaikumbuka ile HONGERA yangu ya asubuhi, nikashindwa kuimba.

Ila Bwana hamwachi mja wake. Wakati wa sadaka nikapata wazo. Kesho wanaamua kama nitarudishiwa kitambulisho. Nitawaambia hivi: mkinirudisha, nitakuwa naoka mapema kila mara, msihangaike kuagiza. Lorna na cheti chake ataweza hilo?

Niombee. Na unijibu upesi, tafadhali.