Farasi Yule Hakuwa Abdulhamid

Samah Humoud,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo.

Kwa Ndugu Kasmir, Mtafsiri wa Filamu,
Kibanda cha video, Mtaa wa Sikukuu.

YAH: KUMPA FARASI JINA, KAZI NA WAKE WAWILI

Ndugu Kasmir,

Natumaini koo lako ni zima. Sisi huku hatujambo, ila mimi nina hasira, nayo naiandika kwa heshima zote.

Wiki iliyopita mama yangu, Bi Shamsa, alinunua kwako filamu uliyoiingizia sauti yako ya Kiswahili. Filamu hiyo naijua. Niliiandikia tasnifu chuoni. Kwa saa moja na nusu hakuna anayesema neno. Farasi mweupe amesimama jikoni, mwanamke analia, samaki wanaanguka kutoka darini. Kwa miaka mingi nimemsihi mama aitazame pamoja nami, tuizungumze, ajue binti yake anawaza nini. Kila mara huenda kuangalia wali usiungue, na harudi. Safari hii ametazama mpaka mwisho, lakini kwa ajili yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu haina maneno. Wewe umetafsiri nini?

2. Farasi ni upweke. Au ni kifo. Tasnifu yangu haikukata shauri. Wewe umesema ni Abdulhamid, wakala wa forodha bandarini, aliyerogwa na mke mkubwa kwa kuoa Kigamboni kimyakimya. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi. Hakuna bandari. Hakuna Kigamboni. Kuna jiko na farasi.

3. Samaki walipoanguka ulipaza sauti: "Kontena limetoka, jamani!" Jirani yetu Bi Nunu akapiga vigelegele. Nilipomweleza kwamba samaki wale ni kumbukumbu zilizosahauliwa, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, umekula lakini?"

4. Mama sasa anamwombea Abdulhamid kila baada ya swala. Mimi nilipokuwa na mtihani niliombewa kwa jumla, pamoja na wasafiri.

5. Amemnunia shangazi Sitara kwa kumtetea mke mkubwa. Ukoo umegawanyika kwa sababu ya ndoa ya farasi.

Kwa hiyo naomba uzikusanye nakala zote, kuanzia Kariakoo hadi Posta, kisha uitafsiri upya filamu nzima ukiwa umenyamaza. Mwishoni unaruhusiwa kutaja jina lako, kwa sauti ya chini. Usipofanya hivyo nitakuja kukaa mstari wa mbele kibandani kwako, na kila utakapofungua mdomo nitakohoa.

Wasalimie wote hapo kibandani, hasa yeyote aliyewahi kutazama kitu bila kuuliza kimeishaje.

Wako katika tafakuri,
Samah

N.B. Jana nilimwekea mama filamu yenyewe, isiyo na sauti yako. Alikaa. Farasi alipotoka mlangoni akauliza, "Samah, Abdulhamid anaenda wapi?" Nilikusudia kumwambia hakuna Abdulhamid. Nikajisikia nasema anaenda Magogoni, anawahi pantoni avuke kwenda Kigamboni. Tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Wali uliungua, tukaula hivyo hivyo. Mama anasema sijakufikia, ila sauti ninayo. Naambatanisha flashi yenye filamu nyingine zisizo na maneno. Katika ile ya bibi anayeipiga pasi bahari, naomba mume asiwe wa bandarini tena. Na huyo bibi, kama hujapata wa kumsemea, Jumamosi nina nafasi.