Kwa Nini Sijatia Sahihi Fomu ya Binti Yangu

Ndugu Msajili wa Chuo Kikuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote mnaokaa ofisi moja. Mimi ni fundi cherehani, mama wa yule binti aliyepata medali ya fedha kwenye mashindano ya fizikia, ambaye mmempa nafasi chuoni kwenu. Mtaani wanamwita Kipimo. Fomu yenu ya mzazi nimeipokea. Mmesema irudi kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Fomu iko mezani, peni iko mezani, na sahihi sijatia. Nimemwomba Mungu anipe maneno ya upole, naye akanipa haya yafuatayo. Shule niliishia msingi, kwa hiyo nitakapokosea, wewe chukua nia yangu.

1. Mmeandika aje na medali yenyewe ili ihakikiwe. Ndugu yangu, medali ile ina kazi. Nikitandaza kitambaa nikate, huwa nakikandamiza nayo upande wa kushoto kisisogee. Zamani nilitumia kikombe cha chai, na kuna suruali ya mwalimu mmoja ina doa mpaka leo. Mwenye kutaka kuihakiki na aje. Ataikuta kazini.

2. Nyumba haina amani. Jioni baba yake akimiminiwa chai, binti humwambia, “Baba, tia maziwa sasa hivi. Ukichelewa itapoa zaidi.” Baba yake ni mwashi, mtu wa maneno machache. Alimjibu, “Chai yangu haijaomba ushauri.” Lakini nimemwona kwa macho yangu, siku binti hayupo, anatia maziwa mapema huku akichungulia mlangoni.

3. Kanisani feni ilikuwa inatikisika juu ya vichwa vyetu kama inataka kushuka kusali nasi. Mchungaji alituongoza kuiombea Jumapili tatu. Jumapili ya nne binti yangu alipanda kwenye benchi, akabandika kifungo cha shati kwenye bawa moja, kifungo alichokitoa kwenye kopo langu bila ruhusa, na feni ikatulia. Tangu siku hiyo waumini wanamletea redio na pasi badala ya kupeleka mahitaji yao kwa Mchungaji. Mungu hana wivu, najua. Mchungaji ni binadamu. Salamu zake kwangu zimekuwa fupi.

4. Hapa ndipo penye neno. Binti mwenyewe ameniambia sheria za fizikia ni zile zile kila mahali. Nilimuuliza, “Hata humu chumbani mwetu?” Akasema, “Hata humu, mama.” Nikamuuliza, “Huko chuoni hazizidi kidogo?” Akacheka, “Hazizidi hata chembe.” Sasa mimi si msomi, ila hesabu hii naiweza. Kama jiwe linaanguka kwenu vile vile linavyoanguka kwangu, mtoto anafuata nini mwendo wa siku nzima kwa basi? Fizikia yote aliyonayo aliipatia kwenye meza yangu. Alikuwa anafunga mkasi wangu mkubwa kwenye uzi, anauning'iniza msumarini, anauacha uyumbe, naye anahesabu. Mimi nimeshika kitambaa nasubiri mkasi, mteja amekaa ananisubiri mimi. Medali ile, tukisema haki, nusu yake ni ya mkasi.

5. Kwa hiyo naomba chuo kihamie kwangu. Sisemi chuo kizima, sina tamaa. Idara ya fizikia inatosha. Chumba kina hatua nane kwa sita na dirisha linatazama barabara. Maprofesa wakija kwa zamu watakaa kwenye benchi la wateja. Watakaokosa nafasi watasimama mlangoni, kama wanavyosimama wateja wangu, na hakuna aliyekufa. Sharti langu ni moja: asikate mtu karatasi kwa mkasi wa kitambaa. Hata mume wangu hilo alilijua kwa machozi.

6. Likiwa gumu hilo, basi nipokeeni na mimi. Kwenye orodha yenu ya vitu vya kuja navyo mmetaja shuka mbili, ndoo, taa ya mezani, “na vitu vingine muhimu kwa mwanafunzi.” Mstari huo nimeusoma mara nyingi. Naona mimi naingia hapo.

7. Hili nakuambia wewe peke yako, usilisome mbele ya wenzako. Kwa miaka mingi uzi wa cherehani yangu ulikuwa unakatika kila siku. Yeye akageuza skurubu moja, robo tu ya mzunguko, akasema, “Mama, ulikuwa unaubana mno. Ulegeze kidogo, hautakatika.” Haujakatika tena. Lakini siku utakapokatika yeye hayupo, nitaita, kwa maana nimezoea kuita. Ataitika nani?

Kwa sababu hizo sahihi yangu naishikilia mpaka nipate majibu ya kila namba.

Nisalimie Mkuu wa Chuo, wapishi wenu, na mlinzi wa getini, huyo hasa, maana ndiye atakayemwona anaingia na kutoka. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi, kwa sala na sindano,
Mama Kipimo, fundi cherehani

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha binti akaingia na jiwe. Aliliokota kazini kwa baba yake, akalisugua, akalipima kwenye mizani ya dukani, akalisugua tena, siku nne, mpaka likalingana na medali. Akaniambia, “Uzito ni ule ule, mama.” Nimeliweka upande wa kushoto. Kitambaa hakisogei. Nikachukua peni.

Fomu nimeishona nyuma ya barua hii, maana pini za karatasi sina. Kata uzi wa juu tu, wote utafumuka. Medali atakuja nayo kwenye koti la maabara, mfuko wa ndani, wenye kifungo. Koti nimeliachia upindo wa inchi mbili, kwa kuwa bado anakua. Mkiweza, mpeni kitanda cha dirisha la barabarani. Amezoea kusinzia cherehani ikilia, na asipopata usingizi wiki ya kwanza msimpeleke kwa daktari. Ni kimya tu.

Namba moja hadi tano nazifuta, na ya saba uisahau. Ya sita sijaifuta.