Handaki la Mfano

Kamati ya Kitaifa ya Kung'oa Rushwa Wakati wa Vita inapenda kuutangazia umma kwamba rushwa imekwisha. Ilikwisha Jumanne, baada ya chai. Mimi ndiye katibu wa kamati, na naweza kuthibitisha kwamba nilikuwepo na chai ilikuwa nzuri.

Wenye midomo mirefu watadai ushahidi. Ushahidi ni Handaki la Mfano, lililojengwa mtaa wa chini, ambako makombora ya adui yana tabia mbaya ya kuanguka bila kufuata ratiba. Juzi kombora moja liling'oa paa la shule. Bahati watoto walikuwa wameshatoka. Mheshimiwa Waziri aliguswa sana. Aliguswa hadi akaagiza saruji.

Ni kweli malori ya saruji yalipitia nyumbani kwake kwanza. Huo si wizi, ni uhifadhi wa kimkakati. Ni kweli pia kwamba saruji ilipofika pale haikuendelea na safari. Ikawa chumba cha chini ya ardhi, kuta nene, mlango wa chuma unaofungwa kwa ndani tu, maana kiongozi akifa nani atasimamia mageuzi? Handaki la wananchi tulilijenga kwa udongo bora wa hapa hapa nchini, tukalipaka rangi ya saruji. Ukilitazama kwa mbali hutambui tofauti. Tukazungushia kamba, ili litazamwe kwa mbali.

Mama mkwe wangu anakaa mtaa huo na wajukuu zake. Siku moja alinifuata ofisini.

"Baba, nijibu kama mwanangu. Bomu likija, lile litatustiri?"

"Mama, limethibitishwa."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Nimelikwangua kwa kijiko, baba. Kijiko kikazama."

Nikamweleza kwamba vijiko havikutajwa katika viwango vya kitaifa. Akaniangalia, akajifunga kanga vizuri. "Haya. Mwenye macho haambiwi tazama." Niliona aibu, nakiri, lakini kulikuwa na kikao.

Siku ya uzinduzi wananchi hawakuonekana handakini. Kina mama wa mtaa, mama mkwe akiwa mbele, walikuwa wamejitolea kupika karamu nyumbani kwa Mheshimiwa. Walikwenda na watoto wote, waume zao, na mzee mmoja wa magongo ambaye walisema ni hodari wa kukoroga mchuzi. Nikasifu mwitikio wa wananchi.

Mheshimiwa akahutubia ndani ya handaki. "Ndugu wananchi," aliwaambia madereva wetu, "kuanzia leo hakuna cha mkubwa wala mdogo. Kwenye usalama, sote foleni moja!" Sentensi hiyo niliitunga mimi. Tulipiga makofi polepole, kwa kuzihurumia kuta.

Ndipo king'ora kikalia. Halikuwa zoezi.

Kwa mujibu wa utaratibu, king'ora kikilia watu hukimbilia handakini. Sisi tulikimbia kutoka. Mheshimiwa alitangulia, kama inavyompasa kiongozi wa mfano, na mimi nikamfuata na kiatu kimoja, hadi kwake, hadi kwenye mlango wa chuma. Ulikuwa umefungwa.

"Fungueni! Ni mimi, Waziri!"

"Karibu, Mheshimiwa," ikajibu sauti ya mama mkwe. "Kumejaa. Panga foleni."

"Mama, hii nyumba yangu!"

"Nyumba yako. Saruji yetu. Tumeifuata ilikokwenda."

"Mlinzi! Mlinzi yuko wapi?"

"Niko huku ndani, bosi," akasema mlinzi. "Pako vizuri sana."

Mheshimiwa akashusha sauti, akausogelea mlango. "Mama, tuongee kiutu uzima. Semeni mnachotaka. Hatuwezi kushindwana."

"Si mlisema rushwa imekwisha Jumanne?"

Wakacheka huko ndani, watoto kwa wakubwa. Nikaona nijaribu undugu.

"Mama, ni mimi, mkweo."

"Nakusikia, baba. Lile lenu si limethibitishwa? Rudini mkajistiri."

Nikatoa kalamu. Ndege zinasikika, na naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini taarifa lazima ikamilike. Naiandika hapa hapa mlangoni. Mheshimiwa ni wa kwanza, mimi ni wa pili. Foleni haijasogea, ila imenyooka vizuri.