Karata Zangu Zilizovaa Plastiki

Jamani, leo nimeaibika mbele za watu, na aliyeiitisha hiyo aibu ni mimi mwenyewe, tena nikiwa nimesimama na sauti nimeipandisha.

Naandika haya kwenye kompyuta ya ofisi ya mradi wetu wa maji hapa Voi. Ni Jumamosi, bosi hayuko, na laini ya simu imekubali baada ya kubembelezwa. Nawatumia barua pepe hii nyote tuliosoma pamoja, mlioko Nairobi na mlioko Mombasa, kwa sababu habari mtaipata tu. Heri muipate kwangu kabla rafiki yangu Otieno wa reli hajaishika simu ya stesheni.

Mnazikumbuka zile karata alizotuachia yule mwalimu wa kujitolea? Ninyi mliziacha mkaenda kutafuta maisha. Mimi bado nazicheza. (Ndiyo, na umri huu.) Kwa aliyesahau, hizi si karata za kawaida. Kila moja ina picha na nguvu zake: askari, jitu, joka, mtego. Kila mchezaji hukusanya zake, hubadilishana na wenzake, kisha huchagua arobaini za kuingia nazo mchezoni. Hizo arobaini tunaziita jozi. Ukiipanga jozi yako vizuri, unashinda. Ukiipanga vibaya, unaitwa Mwadime.

Tunakutana barazani kwa Mzee Salim, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Binti yake Rukia ndiye anayeuza dukani, na ndiye bingwa wetu. Mzee alikubali tucheze pale baada ya kutuapisha kwamba hakuna pesa inayowekwa mezani. Mwenyekiti wetu ni Otieno wa reli, mtu mkubwa mwenye miwani minene na mdomo usiofungika. Mimi wananiita Profesa. Jina hilo nilijipa, wao wakalikubali wakicheka. Nilidhani wanacheka kwa furaha.

Sasa, mwezi uliopita watu wa Mombasa walituita tulete mchezaji mmoja kwenye mashindano yao. Mmoja tu! Ilijulikana ni Rukia, labda atokee mtu wa kumshinda. Wengine walinyamaza. Mimi nikainua mkono. Halafu, kwa akili zangu, nikaanza kutangaza kama tayari nimeshinda. Nikamwomba bosi ruhusa. Nikamwambia binamu yangu wa Likoni anitayarishie mahali pa kulala. Mama alijawa na furaha mpaka akanifumia kitambaa cha kufunikia boksi la karata, cheupe, chenye maua ya njano pembeni. Mtaa mzima ulijua mtoto wa Mama Mwadime anakwenda Mombasa kushindana.

Kasoro ilikuwa moja. Nilikuwa sijawahi kumshinda Rukia. Hata mara moja.

Lakini mtu msomi hakati tamaa, anafanya utafiti. Niliona jozi yangu ni nzito. Majitu mengi, na jitu halishuki mezani mpaka umelilipia kwa karata ndogondogo. Nikatoa majitu mawili, nikaongeza askari. Rukia akanipiga. Nikaona sasa ni nyepesi. Nikarudisha jitu moja. Akanipiga. Nikampa Otieno joka langu la bluu, lile lililong'aa, ili anipe mtego wa tatu, maana mtego ndio moyo wa jozi yangu. Mtego unaushika mkononi kimya, adui akishambulia na kitu kikubwa, unautupa mezani na kile kitu kinakufa. Mzuri sana.

Ila kulikuwa na ajabu. Nikiwa na mtego mkononi, Rukia hashambulii. Anakaa, anasubiri, anauliza habari za nyumbani. Nikiwa sina mtego, anakuja mzimamzima kama polisi waliosikia harufu ya pombe ya chang'aa. Kila mara! Nilipiga hesabu ya uwezekano mpaka karatasi zikaisha. Hesabu ilikataa. Nikasema huyu dada ana bahati. Baadaye nikasema bahati haiwezi kuwa ndefu namna hii.

Hapa lazima niwarudishe mwaka jana, niwaeleze kuhusu plastiki. Mnajua vumbi letu. Upepo ukitoka upande wa Ndara, hata sukari inakuwa nyekundu. Karata zikikaa wazi zinaiva rangi kama tofali. Nami nilikuwa na karata kumi na mbili za maana: mitego yangu, majitu, na malkia mmoja niliyempata kwa kubadilishana na mtu wa Taveta. Nikanunua vile vifuko vyembamba vya plastiki vya kugandishia barafu za watoto, nikavikata kwa kipimo cha karata, nikavifunga kwa moto wa mshumaa. Nikazivisha moja moja. Ziling'aa! Nilijivunia kazi ile kuliko cheti changu cha chuo.

Kwa nini hizo kumi na mbili tu? Ndugu zangu, ninyi mmelelewa kama mimi. Kwetu kitu kizuri hufunikwa. Redio ina kitambaa chake. Sofa zina vyake, mgongoni na mikononi. Chupa ya chai ina chake. Nani amewahi kuona stuli ya jikoni imevishwa kitambaa cha kufuma? Zile askari zangu za kawaida zilikuwa stuli za jikoni. Nikaziacha ziliwe na vumbi.

Rukia aliwahi kuniuliza. Nakumbuka hata siku yenyewe, alikuwa anakata kanga ya mteja.

"Kaka Mwadime, mbona hizo nyingine hukuzivisha?"

"Hizo nyingine hazina maana," nikamjibu.

"Aa. Hizi zilizovaa ndizo zenye maana?"

"Ndizo roho ya jozi," nikasema, nikamfunulia mtego mmoja uwe mfano.

Akatabasamu. Nikajua amevutiwa na ufundi wangu. (Nawaomba mlisome tena hilo la mfano, mimi nimeshindwa kulisahau.)

Basi, leo. Nilifika na shati la kanisani. Baraza lilikuwa limejaa. Otieno alikuwa ameleta wenzake watatu wa reli, na wateja wa duka walisimama na vifurushi vyao kutazama. Niliweka boksi mezani na kitambaa cha Mama juu yake. Mtu akasema, "Mh! Imekuja na harusi yake." Nikalifunua taratibu ili waone.

Kabla hatujaanza, nikaomba neno. Nilisema huu ni mchezo wa heshima, wa kuchagua mtu atakayebeba jina la Voi, kwa hiyo tuweke sheria kama za Mombasa. Nikazisoma nilizoziandaa. Ya mwisho ilikuwa hii: karata ikionekana ina alama mgongoni ya kumfanya mtu aitambue bila kuigeuza, mwenye karata hiyo ameshindwa papo hapo. Nilikuwa nawaza labda karata za Rukia ndizo zenye alama, ili ajue ipi inafuata. Otieno akauliza, "Wote mmekubali?" Wakakubali. Rukia alizitazama karata zangu, kisha akanitazama mimi.

Tukaanza. Nilichanga karata, nikakata, nikachukua saba. Mitego miwili! Moyo ukaruka. Nikakaa uso mkavu kama mtu anayesubiri basi la Mwatate. Rukia akashusha jitu lake kubwa. Nikasema kimoyomoyo, njoo mama, njoo.

Hakuja.

"Mama hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo," nikajibu huku nimeuma meno.

Zamu zikapita. Ikabidi nitumie mtego mmoja kwa askari mdogo asiye na thamani, na wa pili ukafuata kwa shida. Karata zilizobaki mkononi zilikuwa askari watupu. Hapo hapo, dakika ile ile, Rukia akaliinua jitu lake akalisukuma mbele. Akanivunja. Zamu iliyofuata akalisukuma tena.

Nikageuka nyuma. Otieno alikuwa amesimama mgongoni kwangu, na jua linapiga kwenye miwani yake. Nikaelewa! Anaziona karata zangu kwenye vioo vya Otieno!

"Otieno, vua miwani!"

"Sasa nikivua nitaona aje kama mnacheza sawa?"

"Vua!"

Akavua, akabaki anapepesa macho. Tukaendelea. Nikavuta karata, ikaja mtego. Rukia akarudisha jitu nyuma, akatulia, akaomba maji ya kunywa.

Nikasimama. Kiti kikaanguka. Nikasema, na nasikia sauti yangu hadi sasa: "Hapa kuna wizi! Kuna mtu anazisoma karata zangu! Nataka mchezo usimame na karata zikaguliwe, za kwake na za kwangu, mbele ya watu wote!"

Pazia la duka likasogea, akatoka Mzee Salim na futi yake ya kupimia vitambaa.

"Nani amwita mwanangu mwizi?"

Nilitamani kurudi nyuma, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Mzee, sijamtaja mtu. Nataka ukaguzi tu."

"Baba, si kitu," Rukia akasema. "Kaka Mwadime, tafadhali, tumalize tu mchezo. Wallahi ni bora tumalize."

"Mtu asiyeogopa hakatai ukaguzi!" nikasema. (Alikuwa ananiokoa. Mimi nikaukataa mkono.)

Otieno akavaa miwani yake. Akachukua jozi ya Rukia, akaitandaza mezani, migongo juu. Arobaini. Zote sawa, zote zimefifia kidogo kwa namna moja. Akazipapasa. Hakuna kitu. Halafu akachukua yangu, akaitandaza pembeni yake.

Mimi nilikuwa sijawahi kuzitazama namna ile. Mwenye karata huziona kwa mbele. Ishirini na nane zilikuwa nyekundu kama ukuta wa stesheni. Na katikati yao, moja huku, mbili kule, kumi na mbili zilikuwa zinang'aa kama sahani zilizotoka kuoshwa. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua shuka, ambaye hajui mchezo huu hata jina, akanyoosha kidole akasema, "Hizo si ndizo nzuri?"

Jamani.

"Profesa," Otieno akasema polepole, "hebu kuja hapa. Hii ni nini?"

"Plastiki."

"Naona ni plastiki. Umevalisha zile kali peke yake?"

Otieno akaokota moja inayong'aa bila kuigeuza. "Hii ni mtego ama jitu." Akaigeuza. Mtego. Akaokota nyingine. Jitu. Wenzake wa reli wakaanza kushikana mabega. Mmoja alikaa chini kabisa, kwenye sakafu.

"Rukia, ulikuwa unajua?"

"Nilimuuliza tangu mwanzo," akasema, na macho yake yalikuwa chini. "Akaniambia zilizovaa ndizo zenye maana. Nikadhani ajua. Nikadhani ndio mtindo wake, huenda ana hila nyingine anaificha. Kila siku naingoja hiyo hila."

Mwaka mzima alikuwa anaingoja hila yangu! Mimi natoa majitu, narudisha majitu, napiga hesabu, natoa joka la bluu, na tatizo liko mgongoni, namwonyesha yeye kila zamu.

Mmoja wa wale wa reli akasema, "Lakini sheria iko wazi. Karata zenye alama ni za Profesa. Huyu ndiye mwizi." Hapo nikashtuka kwelikweli. Nikaapa. Nikasema sikukusudia, hata mimi sikujua. Na ni kweli, karata inayofuata ilikuwa inang'aa juu ya jozi mbele ya macho yangu, na sikuwahi kuitazama.

Otieno akafikiria, akatoa hukumu. Nainakili kama alivyoisema, maana itanifuata hadi kaburini:

"Ameshindwa kwa sheria yake mwenyewe. Lakini kwa wizi tunamwachilia. Mwizi hawezi kushindwa mara nyingi hivi."

Baraza likalipuka. Hata mteja wa shuka alicheka mpaka akaangusha shuka. Na lililoniumiza zaidi lilitoka kwa Mzee Salim, niliyekuwa nimemwitia mwanawe mwizi mlangoni pake. Alinitazama kwa muda, hasira zikamtoka usoni, ikabaki huruma tu.

"Rukia," akasema, "mpe kaka yako chai."

Nikanywa. Ungefanya nini? Nilimwomba msamaha Rukia, na baba yake, na chai ikanipitia puani. Rukia akasema hana kinyongo. Akaniambia pia kwamba jozi yangu imepangika vizuri sana, na kama ningezivisha zote, au nisingezivisha yoyote, asingeniweza. Sijui kama alinifariji au alinimaliza.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama ameshatoa sanduku dogo la safari, amelipangusa. Nikakaa. Nikamweleza yote. Hakuelewa, kwa hiyo nikazitandaza karata mezani, migongo juu, kama alivyofanya Otieno. Akazitazama, akaitazama redio yake na kitambaa chake, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "kwani wewe ulidhani mimi nafunika vitu ili visionekane? Nafunika ili mgeni akiingia ajue cha maana ni kipi."

Ndipo nikaja hapa ofisini kuwaandikia.

Rukia atakuja huko Mombasa Jumamosi ijayo. Mliopo karibu, nendeni mkamshangilie, anastahili. Ila msicheke mbele yake, na habari yangu naomba muifunike. Ama hapana, iacheni wazi hivyo hivyo. Mkiifunika watajua ni ya maana.