Saa Nane Imeharibiwa

Jumatatu, 3 Februari
Msiba. Kipindi chetu cha saa nane mchana, cha kuomba nyimbo kwa kadi za posta, kimefutwa. Mtangazaji wetu, Bibi Sulochana, hasomi tena majina ya waombaji, taratibu, mji baada ya mji. Badala yake kijana mmoja anacheka hovyo na watu wanaopiga simu. Na tarehe kumi na nane ndiyo siku yetu ya ndoa! Kila mwaka mji wetu mzima wa Bhatapara husikia redioni: fundi cherehani Tribhuvan Dewangan na mkewe Kumudini. Mwaka huu je? Kumudini ananishauri nipige simu kama wenzangu. Mimi, mwenyekiti wa klabu ya wasikilizaji? Thubutu.

Jumatano, 5 Februari
Mkakati tayari. Nimeandika kadi za malalamiko kwa majina ya wanachama wote. Tulio hai ni watatu, kwa hiyo nimewaandikia na marehemu. Nyingine nimeandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usifanane. Suruali ya karani wa reli bado haina pindo. Atavumilia.

Jumanne, 11 Februari
Khemlal, muuza tambuu wa ng'ambo ya barabara na mwenyekiti wa ile klabu pinzani ya wasikilizaji, ya ovyo, kapiga simu na kapokelewa. Kamsalimia shemeji yake wa Raipur, kaomba wimbo, kapewa. Jioni kaja kujitapa dukani kwangu.
"Piga simu, fundi. Hizo kadi zako zinafungiwa karanga huko."
Nimeongeza kadi.

Ijumaa, 14 Februari
Kijana ametangaza kwamba kadi zimemiminika kutoka Bhatapara kuliko mji wowote. Nikaita mtaa mzima uje usikie. Akaendelea: kipindi kinachoandikiwa hivi ni kipindi kinachopendwa, hivyo kinaongezwa nusu saa. Khemlal alinipa mkono wa pongezi. Mkosi gani huu!
Kumudini kaniambia kwa upole, "Baba Pinki, yaishe. Mimi nataka kusikia majina yetu tu."
Nimemwahidi atayasikia, ila kwa njia ya heshima.

Jumanne, 18 Februari
Siku yenyewe. Saa nane ikikaribia nilikimbilia posta na kadi kali zaidi. Foleni ndefu. Narudi, nakuta watu mlangoni wananipongeza. Khemlal kanipa tambuu ya bure! Kumbe Kumudini kapiga simu mwenyewe. Kaniombea wimbo na kunitaja: Tribhuvan. Mke wa kwetu halitamki jina la mumewe, na yeye hajawahi kulitamka tangu tuoane. Leo kalisema, na mji mzima umelisikia isipokuwa mimi.
Nimemsihi alirudie, hata kwa kunong'ona.
"Nimeshasema," kanijibu. "Ungekuwepo."
Imeniuma sana.

Jumatano, 19 Februari
Nimetafakari mpaka nikapata mwenye kosa. Ni kipindi! Enzi za kadi mtu alijua siku yake, akaketi kando ya redio akingoja. Simu inakuvamia tu. Basi nimeandika kadi mbili. Moja inadai wairudie simu ya Kumudini. Nyingine inadai kipindi kifutwe kabisa. Nazituma pamoja.
Kumudini yuko jikoni, ananiita nikale naye wali ungali moto. Nimemwambia atangulie. Posta inakaribia kufungwa.