Barua ya Renzo

Jumatatu, 2 Julai 1979

Wiki ya tatu hapa mtaa wa Jericho. Baba alinituma kutoka Kismayu nije Nairobi kusomea uchapaji na ukarani. Alisema Kiswahili ninacho, sitapata taabu. Taabu ninayo. Leo nilimwamkia kijana mmoja dukani kwa adabu zangu zote. Akawaita wenzake waje wanisikie. Sasa wananiita Sheikh.

Chakula cha jioni kilikuwa muthokoi. Mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Niliomba ndizi mbivu nile pamoja, kama kwetu. Mama Mbeti, mwenye nyumba, aliniuliza kama tumbo linaniuma.

Nalala stoo, juu ya gunia, kando ya makaa. Kaka yake Mama Mbeti, Mzee Kilonzo, ni mchonga vinyago. Ana chumba chenye dirisha na vitanda viwili. Juu ya kimoja amelaza magogo ya muhugu. Magogo yana godoro, mimi sina.

Jumatano, 4 Julai

Njia imepatikana. Mzee Kilonzo amepokea barua kutoka Italia na hapa hakuna wa kuisoma. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa mlinzi kwenye kambi ya mateka Waitaliano. Mateka mmoja, Renzo, alimfundisha kunoa patasi. Wakapendana kama ndugu. Mwaka jana mzee alimpa mtalii anwani ya hapa amtafutie huyo Renzo.

Nikasema Kismayu tulitawaliwa na Waitaliano. Hiyo ni kweli. Nikasema Kitaliano nakijua sana. Hiyo si kweli. Nina maneno kama kumi na mawili, mengi ya chakula, na tusi moja.

Tumepatana. Yeye atanifundisha Kikamba, mimi nitamfundisha Kitaliano na kumsomea barua. Magogo yametolewa nje leo hii.

Alhamisi, 5 Julai

Nililala kama sultani. Asubuhi mzee akanikabidhi barua kwa mikono miwili. Kurasa mbili, mwandiko mzuri. Niliona jina Renzo mara nne na sikuelewa kingine.

Nikasoma hata hivyo. Renzo ni mzima. Ana shamba la zabibu na mbuzi saba. Anamkumbuka Kilonzo kila siku. Mguu wa kushoto unamsumbua, angefurahi kupata bakora iliyochongwa na rafiki yake. Hapo kwenye bakora nilijipongeza. Barua lazima iwe na ombi, la sivyo haifanani na barua.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akasahau kuivaa.

Jumatatu, 9 Julai

Masomo yanaendelea. Kikamba: naulizwa kama ni mzima, nami najibu, "Nĩ mũseo." Kalekye, binti ya Mama Mbeti, anasema naitamka kama mtu anayekohoa.

Kitaliano kina shida. Mzee anakumbuka maneno ya kambini, mengi kuliko yangu. Leo alitamka moja na kuniuliza maana yake ni "jipe moyo", sivyo? Nikamwambia hicho ni Kitaliano cha zamani, siku hizi hakitumiki. Akaliacha.

Amekataa kazi ya twiga ishirini wa duka la mjini ili achonge bakora. Vumbi la msasa linamkohoza. Nimefungua dirisha, kwa ajili ya afya yangu.

Ijumaa, 13 Julai

Siku mbaya. Kalekye alichukua barua kimya kimya akaipeleka kwa padri Mwitaliano wa parokia yao. Amerudi na tafsiri kwenye karatasi ya daftari.

Barua haikuandikwa na Renzo. Imeandikwa na bintiye. Renzo alifariki mwezi wa pili. Mtalii alimfikia akiwa kitandani, na aliposikia jina la Kilonzo alicheka, kisha akalia. Binti anauliza kama mzee ana lolote la kumsimulia kuhusu baba yake, kwa sababu nyumbani hakuzungumzia vita hata siku moja.

Kalekye alisoma mbele ya wote, mimi nikiwa mlangoni. Mama Mbeti alinitazama kama panya ndani ya unga. Mzee hakunitazama. Alirudi uani akachukua msasa.

Nilitaka kusema mwandiko ule ulikuwa mgumu. 

Jumapili, 15 Julai

Siku mbili hakuna anayesema nami. Jioni mzee aliniita. Bakora imekwisha, ina kichwa cha ndege, laini kama sabuni. Ataituma kwa binti wa Renzo. Kisha akanipa ile barua.

"Nisomee," akasema.

Nikamwambia tafsiri ya kweli anayo Kalekye.

"Hiyo nimeisikia. Nisomee yako."

Nikaanza. Renzo ni mzima, ana shamba la zabibu na kondoo watano.

"Mbuzi," akasema mzee. "Saba."

Mguu wa kulia unamsumbua.

"Wa kushoto."

Nilijikwaa hivyo hadi mwisho, naye akinirekebisha kila mahali. Alikuwa ameihifadhi yote kichwani, mimi niliyeitunga nimeisahau. Nilipomaliza aliikunja barua, akakohoa muda mrefu, akaniambia nirudi stoo.

Jumatano, 18 Julai

Gunia, makaa, baridi. Nimelitafakari jambo hili kwa uaminifu siku tatu na nimeliona kosa langu. Sikuandika. Mtu akisoma barua namna ile, lazima aweke kumbukumbu: mbuzi wangapi, mguu upi.

Nimenunua daftari dogo. Leo Bwana Wekulo, jirani wa nyumba ya tatu, amelalamika kwamba mwanawe anayesoma Bulgaria amepata ajali na hospitali ya huko imemletea barua asiyoielewa. Mkewe hali wala halali. Wana chumba kikavu upande wa mbele, kitupu tangu kijana aondoke.

Nimemwambia Kibulgaria na Kitaliano ni kama Kiswahili cha Lamu na cha Mombasa. Kesho baada ya chai naenda kumsomea. Kalamu nimeitia wino.